Beberu mmoja kikundi kizima: farasi wa mbio wametokana na madume watatu, sisi tunaogopa nini?

Mfugaji_Masasi

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua uzalishaji wa mifugo, hasa hesabu zake.

Kikundi chetu cha kopa mbuzi lipa mbuzi, upande wa Chiungutwa, kina kaya 8 na mbuzi majike 62. Beberu wa mbegu ni mmoja, chotara wa Boer (mbuzi wa nyama), ana miaka mitatu kikundini. Majike 22 ni mbuguma (majike wazima waliokwisha kuzaa) wa asili waliokuwepo kabla yake. Wale 40 waliobaki ni mabinti zake, na 11 kati yao wameshazaa naye tena. Msimu wa kilimo mbuzi wanafungwa kamba, wakishavuna watu wanaachiwa wanachunga pamoja.

Beberu amechoka miguu, lazima apumzishwe. Wanakikundi wamegawanyika. Kuna wanaotaka arithiwe na mwanawe wa miezi 14, dume mwenye mgongo mpana na mapaja yaliyojaa. Wengine wanataka damu ngeni. Upande wa mwana una hoja ambayo nashindwa kuijibu: farasi wa mbio wa Kiingereza, Thoroughbred, wote wametokana na madume watatu, mmoja wao peke yake anashika zaidi ya asilimia 90, na bado wanakimbia na kununuliwa kwa mabilioni. Iweje kwa farasi iwe sifa na kwa mbuzi iwe kosa?

Naomba kujua: hoja hiyo ya farasi ni ya kweli kiasi gani? Huyo mwana afanywe nini? Na hawa mabinti 40, tuwauze?

---

Nasaba_Lindi

Ndugu Mfugaji, hoja hiyo ina ukweli, lakini wanaoitumia wamechanganya jina la ukoo na damu.

Madume watatu ni kweli. Byerley Turk alifika Uingereza miaka ya 1680. Darley Arabian alizaliwa mwaka 1700 na akapelekwa huko mwaka 1704 kutoka Aleppo, Syria. Godolphin Arabian alizaliwa karibu mwaka 1724. Majina yao yameendelea kupitia vizazi vyao watatu: Herod kwa Byerley Turk, Eclipse kwa Darley, Matchem kwa Godolphin. Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 na kushinda mbio zote 18 alizokimbia, ni kizazi cha nne kutoka kwa Darley. Kwa njia yake, kiasi cha asilimia 95 ya madume wa Thoroughbred wa leo wanarudi kwa Darley ukifuata baba, baba wa baba, baba wa babu, hivyo hivyo hadi juu.

Ila angalia hiyo 95 inahesabu nini. Inahesabu kromosomu Y peke yake, kipande kidogo ambacho baba humpa mtoto wa kiume kikiwa kizima, bila kugawanywa. Damu nyingine yote inakatwa nusu kila kizazi: mwana ana asilimia 50 ya baba, mjukuu 25, kitukuu 12.5. Kwa njia moja tu ya ukoo, kizazi cha kumi kimebaki na chini ya asilimia 0.1, wakati ile Y bado ni nzima.

Watu wa Kusini tuna bahati ya kulielewa hili haraka. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lakini hakuna anayesema hana damu ya baba. Uso, urefu, hata maradhi ya kurithi anayachukua kwa baba pia, ingawa jina la ukoo halisemi hivyo. Mstari wa Darley ni mfano huo huo uliopinduliwa: jina linafuata baba, na mchango wa akina mama wote walioingia katikati hauonekani.

Watafiti walipohesabu damu yenyewe kwa kufuata vitabu vya ukoo (matokeo yalitoka mwaka 2001), Darley mwenye asilimia 95 za jina alikuwa na asilimia 6.5 tu ya damu. Godolphin, ambaye mstari wake wa kiume leo ni mwembamba sana, ndiye aliyetoa nyingi zaidi: asilimia 13.8. Byerley Turk 3.3. Dume mwingine ambaye hatajwi katika hadithi ya madume watatu, Curwen's Bay Barb, ana 4.2, yaani amempita Byerley. Jumlisha hao watatu maarufu: 23.6, hawafiki robo. Damu nyingine imetoka kwa madume wengine wengi na kwa majike. Majike 10 tu wa mwanzo ndio chanzo cha asilimia 72 ya mistari ya akina mama, na majina yao hayajulikani na mtu wa kawaida.

Sasa tumia hesabu hiyo hiyo kwenu. Majike 40 kati ya 62 wana nusu damu ya beberu wenu. Zidisha: asilimia 32 ya damu ya majike wote ni yake. Vitoto vya wale 11 vina asilimia 75. Kwa miaka mitatu beberu wenu ameshika kundi karibu mara tano ya alivyoshika Darley kwa miaka 300. Kwa hiyo anayetetea mwana kwa mfano wa Darley ajue kwamba Darley hakutumiwa hivyo.

---

Kijana_Ruangwa

Mzee Nasaba, nimeelewa Thoroughbred, lakini umechagua farasi wanaokupa ushindi. Chukua Standardbred wa Marekani, wale wanaovuta kigari kwa mwendo wa mshindo. Hambletonian 10 alizaliwa mwaka 1849, akazaa watoto 1,331, na karibu farasi wote wa aina hiyo leo ni wake. Yeye mwenyewe alikuwa zao la undugu: dume mmoja, Messenger, aliyeletwa Philadelphia mwaka 1788, anajirudia mara kadhaa katika ukoo wake. Hapo dume mmoja alijenga kosaafu (aina ya mnyama) nzima na ndugu walipandana. Mbona hawakufa?

---

Nasaba_Lindi

Mfano mzuri, kaka, na sina ugomvi na tarakimu zako. Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza ni majike. Hao watoto 1,331 hawakuzaliwa na mabinti zake. Alipelekewa majike ya kila aina kutoka nje, kwa miaka zaidi ya ishirini hadi alipokufa mwaka 1876. Jina likaendelezwa na wana wake wanne hasa, George Wilkes, Dictator, Happy Medium na Electioneer, nao wakapandishwa kwa majike mengine tena. Undugu ulikuwepo, lakini ulitawanywa juu ya mamia ya akina mama. Ninyi mna 62, na mpya hawaingii.

La pili ni mchujo. Farasi aliyetoka dhaifu hakupita saa ya mbio, hakupewa majike. Wengi walitupwa nje ya uzazi ili wachache wabaki. Kikundi cha kaya 8 hakiwezi kutupa nusu ya vitoto kila mwaka, kwa hiyo makosa yanayojitokeza yanabaki zizini na kuzaa tena.

Na usiamini kwamba wenye farasi wametulia. Undugu katika Thoroughbred umekuwa ukipanda, hasa miongo ya karibuni, kwa sababu dume mmoja maarufu sasa anapewa majike zaidi ya 150 kwa msimu hata bila uhimilishaji, ambao kosaafu hiyo inaukataza kabisa. Mwaka 2020 Jockey Club ya Marekani, chama kinachoandikisha Thoroughbred huko, iliweka ukomo wa majike 140 kwa msimu kwa madume waliozaliwa kuanzia mwaka huo, kisha mwaka 2022 ikaufuta baada ya upinzani wa wenye madume. Hofu ipo, fedha imeizidi nguvu.

Mfano wa kuogopa kweli ni Impressive, dume wa Quarter Horse (kosaafu nyingine ya farasi wa Marekani) aliyezaliwa mwaka 1969. Alikuwa na misuli ambayo waamuzi wa maonyesho ya umbo waliipenda mno, na watoto wake wakapata misuli hiyo hiyo, wakashinda, wakazalishwa zaidi. Pamoja na misuli akawapa ugonjwa uitwao HYPP: misuli inatetemeka, farasi anaanguka, wengine wanakufa, hasa wakila chakula chenye potasiamu nyingi. Jeni yake ni tawala, nakala moja tu inatosha kuleta dalili. Chama chao hatimaye kilikataa kuandikisha watoto wenye nakala mbili waliozaliwa kuanzia mwaka 2007, miaka 38 baada ya Impressive kuzaliwa.

Nasema hivi kwa sababu mwana wa beberu wenu anasifiwa kwa mgongo na mapaja. Macho yanaona nyama. Hayaoni kilichofungamana nayo.

---

MamaMbuzi_Newala

Kaka Mfugaji, kabla hamjagombana zaidi, jibu maswali mawili: huyo mwana mama yake ni yupi? Na ana pembe?

Swali la mama si la udaku. Beberu ana miezi 36 kwenu. Mabinti wa kwanza walizaliwa baada ya miezi 5, wakaingia joto miezi 5 au 6 baadaye, na walioshika mimba kwake walizaa mwezi wa 16 hivi. Dume wa miezi 14 leo alizaliwa mwezi wa 22. Kwa hiyo inawezekana kabisa mama yake ni mmoja wa wale mabinti 11. Kama mama ni mbuguma wa asili, mwana huyo akimpanda dada yake wa baba mmoja, kitoto kina undugu wa asilimia 12.5. Kama mama ni binti wa beberu, undugu unapanda hadi 18.75. Na baba kumpanda binti yake, jambo ambalo limeshafanyika kwenu mara 11, ni 25, sawa na kaka na dada wa baba na mama mmoja.

Asilimia hizo maana yake nini kwa mfugaji? Kila mnyama amebeba jeni mbovu kadhaa zilizojificha, na hazimdhuru kwa sababu ana nakala nzuri upande wa pili. Ndugu wakipandana, kitoto kinaweza kupata ile mbovu kwa pande zote mbili. Undugu wa 25 maana yake robo ya jeni zake, kwa wastani, zina nakala mbili zilizotoka kwa babu yule yule mmoja.

Swali la pembe ni la mbuzi hasa. Kukosa pembe kwa kuzaliwa kunatokana na jeni tawala, lakini jeni hiyo hiyo ikiwa mara mbili kwa kitoto cha kike humgeuza huntha: nje anaonekana jike, ila kisimi kimekua kama uume mdogo, haingii joto, hazai. Beberu kipara (asiye na pembe kwa kuzaliwa) akimpanda jike kipara, mahuntha watatokea. Akiwa baba ni kipara na mabinti zake vipara, mkaweka na mwana kipara, mtaanza kuona majike "tasa" na mtalaumu malisho. Kanuni ni fupi: upande mmoja lazima uwe na pembe. Mtu asihesabu pembe zilizokatwa au kuchomwa utotoni kuwa ni ukipara, hizo zilikuwepo.

Beberu yeyote mtakayemchagua, mkamateni mumpapase. Korodani ziwe mbili, zimeshuka zote, zinalingana, ngumu kiasi kama msuli wa mkono uliokazwa, bila uvimbe mkiani mwa korodani. Mwenye moja tu asitumiwe hata akiwa mnene vipi, ile nyingine iko tumboni na tatizo hurithiwa. Fungua mdomo: meno ya chini yakutane na ufizi wa juu, yasitangulie wala kurudi nyuma. Simama nyuma yake atembee kwenye ardhi ngumu.

---

Mfugaji_Masasi

Dada, umenishika pabaya. Baba anajulikana kwa wote kwa sababu beberu ni mmoja, lakini mama wa huyo dume hakuandikwa. Kaya mbili zinabishana. Pembe anazo.

Na je, vitoto vyetu vilivyodhoofika ni undugu au ni minyoo? Mwaka huu vifo kabla ya kuachishwa vimeongezeka.

---

Malisho_Nachingwea

Nianze na hilo la minyoo maana watu wengi wanatibu kisichokuwepo. Gawanya vitoto vya mwaka huu makundi mawili kwenye karatasi: vilivyozaliwa na mbuguma wa asili na vilivyozaliwa na wale mabinti 11. Kama makundi yote mawili yanadhoofika sawasawa, ni malisho, minyoo au baridi ya mvua. Vuta kope la chini la jicho, likiwa jeupe badala ya jekundu au la waridi, huenda minyoo wa kunyonya damu wapo. Kama vya mbuguma vinakua na vya mabinti ndivyo vidogo wakati wa kuzaliwa, vinachelewa kusimama, vinakufa wiki ya kwanza, hapo undugu unahusika. Usisahau kwamba mabinti ni wazazi wa mara ya kwanza, na kitoto cha kwanza huwa kidogo hata bila undugu. Linganisha na mbuguma walipozaa mara ya kwanza kama kuna anayekumbuka.

Sasa hesabu ya kundi. Kanuni ni hii: zidisha 4 kwa idadi ya madume kwa idadi ya majike, gawanya kwa jumla yao. Dume 1 na majike 62 unapata karibu 4. Yaani kwa upande wa damu, kundi lenu la mbuzi 63 lina uzito wa mbuzi wanne. Undugu unaongezeka kwa asilimia 12.7 kila kizazi. Ukiweka mabeberu 4, jibu ni 15, na ongezeko linashuka hadi 3.3. Shirika la FAO linashauri lisizidi asilimia 1, sawa na jibu la 50. Kwa majike 62 mngehitaji mabeberu 16, jambo ambalo hakuna kikundi kinaweza kulilisha. Ndiyo maana mabeberu wachache lazima waambatane na damu ya nje inayoingia kila baada ya miaka 3 au 4, na ndiyo maana kikundi kimoja peke yake hakitoshi. Ungeni na kikundi cha Nanyumbu au huku kwetu mbadilishane madume.

Mpangilio ninaoupendekeza: kaya 8 zigawanywe mafungu manne ya kaya mbili mbili, kila fungu majike 15 au 16 na beberu mmoja. Beberu mzima anamudu majike 25 hadi 30, hivyo 16 ni wachache kwake, hata dume kijana wa mwaka mmoja anawaweza. Kila mwaka mabeberu wanasogea fungu moja mbele: wa kwanza anakwenda la pili, wa pili la tatu, wa nne anarudi la kwanza. Majike hawahami. Dume kijana mkimbakiza kwa mbegu, atumike fungu ambalo baba yake hajafika, kamwe si alikozaliwa. Mwaka wa nne ukiisha, beberu anauzwa kabla hajarudi fungu alikoanzia, kwa sababu huko mabinti zake wanamsubiri.

Mpango huu unakufa siku mbuzi wanapoachiwa wachunge pamoja. Kwa hiyo panda wakati wa kamba. Kwa mvua zetu za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, ingiza mabeberu tarehe 1 Januari, majani yakiwa mengi na majike wamenenepa, waache siku 45. Jike anarudi joto kila siku 21, hivyo siku 45 zinampa nafasi mbili. Mimba ni siku 150: uzazi unaanza mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai, mvua imekwisha, banda kavu. Baada ya siku hizo 45 beberu anarudi bandani kwake. Akitoka nje wakati wa kuachia mbuzi avalishwe aproni, kipande cha turubai kinachofungwa tumboni mbele ya uume na kushuka chini hadi karibu na magoti. Kamba ikaguliwe kila siku, inachubua na kuleta funza.

Mkishindwa msimu, basi angalau shikeni tarehe ya kuondoka. Beberu aliyeingia 1 Januari ana vitoto mwisho wa Mei, na mtamba chotara aliyeshiba anaweza kuingia joto akiwa na miezi 5, yaani mwisho wa Oktoba. Katikati ya Oktoba awe ameondoka. Nasikia sana watu wakisema "badilisha kila miaka miwili". Miaka miwili ni ya ng'ombe. Kwa mbuzi umeshachelewa zaidi ya mwaka.

Mlango wa nyuma ni madume wadogo. Kitoto cha kiume cha miezi 4 kinaweza kutia mimba, hata dada yake na mama yake. Mwezi wa 3 wahasiwe wote isipokuwa wale mliowachagua. Tumieni budizo (koleo la kuhasi) ndogo ya mbuzi, si ya ng'ombe. Shika kamba ya korodani moja pembeni ya mfuko, bana, hesabu hadi kumi, achia. Kisha ya pili, kwa mstari uliopishana kidogo na wa kwanza. Anayebana shingo yote ya mfuko kwa mkupuo mmoja anakata damu ya ngozi, na mfuko unaoza. Anayeacha kamba ikateleza anabaki na dume ambaye kila mtu anadhani amehasiwa. Wapapase tena baada ya wiki 5 au 6: korodani ziwe zimenywea.

---

Kijana_Ruangwa

Nimekubali kuhusu kundi hilo. Ila mwana asichinjwe, dume mwenye umbo hilo ni nadra huku kwetu. Si auzwe au akopeshwe kijiji ambacho baba yake hakufika?

---

Nasaba_Lindi

Hapo tuko pamoja kabisa. Nje ya ukoo wake huyo dume ni damu ngeni kama mwingine yeyote, mradi tu wanaompokea waandike ametoka wapi, na asiwe na kasoro alizozitaja dada wa Newala. Mbadilisheni na dume wa kikundi kingine, dume kwa dume.

Kuhusu mabinti 40: msiwauze! Hili naomba lisomwe kwa sauti kikundini. Binti aliyezaliwa na beberu wenu na mbuguma wa asili asiye ndugu yake ana undugu sifuri. Yeye ni mzima kabisa, ni chotara mzuri. Shida inakuja akipandwa na baba au kaka. Mkimpa beberu asiyehusiana naye, kitoto kina undugu sifuri. Hata vile vitoto vya kike vya wale 11, vyenye undugu wa 25, vikipandwa na dume mgeni vitazaa watoto wa sifuri. Undugu wa kitoto unafutika kwa kizazi kimoja. Vya kiume vya wale 11 vihasiwe vyote, viende kwenye nyama.

Kisichorudi ni damu iliyopotea, na hapo ndipo wale mbuguma 22 walipo. Wamebeba damu ambayo haimo kwa beberu, wanavumilia joto la huku na majani makavu ya Agosti, na wanazeeka. Hakikisheni kila mmoja wao anaacha angalau binti mmoja kwa beberu mpya kabla hajafa. Mistari mingi ya akina mama ya farasi wale wa Kiingereza leo inasimama juu ya majike 10 waliobahatika kuacha mabinti. Ninyi mna 22 walio hai na mnawajua kwa sura.

---

MamaMbuzi_Newala

Naongeza kuhusu kununua. Msichukue mabeberu wanne mnada mmoja siku moja kwa mchuuzi mmoja, mara nyingi ni ndugu. Mbuzi wa Malya, aliyetengenezwa hapa nchini kwa kuchanganya Kamorai asilimia 55, Boer 30 na mbuzi wa asili 15, ni chaguo zuri kwa wawili. TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania) wanajihusisha nao Kongwa, na wana kituo Naliendele mnachoweza kuanzia kuuliza. Wawili waliobaki wawe wa asili wakubwa kutoka wilaya nyingine, kama Liwale au Kilwa. Boer kamili sishauri. Dume wa kilo 90 na jike wa kilo 22 ni kumkwamisha mama wakati wa kuzaa. Hata chotara mkubwa mpeni jike aliyekwisha kuzaa, wa kilo 25 kwenda juu.

Mgeni akae peke yake siku 30, mbali na upepo wa banda lenu. Mje na kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo wa alikotoka, na cheti cha chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ulioshathibitishwa Newala na Tandahimba, pamoja na ya homa ya mapafu ya mbuzi. Anayetoka Kongwa kuja kwenye mbung'o wa pembezoni mwa pori atapata nagana haraka kuliko wa Liwale, mwangalieni kope na homa miezi miwili ya kwanza.

Halafu majina. Farasi wa Lipizzan wana mistari sita ya madume ya zamani, Pluto wa mwaka 1765, Conversano wa 1767, Maestoso, Favory, Neapolitano na Siglavy, na kila dume anayezaliwa anapewa majina mawili: la mstari wa baba na la mama yake. Ukimwita tu umeshajua pande zote mbili. Fanyeni hivyo hivyo: mabeberu wanne wapeni herufi A, B, C, D, mbuguma namba 1 hadi 22, mabinti waendelee. Mtamba aliyezaliwa na B na mama 17 ni B-17, na akizaliwa mwingine, B-17-2. Mtu akimleta B-17 kwa beberu B, hata mtoto anayechunga anaona kosa.

---

Mfugaji_Masasi

Asanteni sana wakuu. Mpango wa mafungu manne na herufi tutaupeleka kikao cha Jumamosi. Naomba la mwisho: daftari likae kwa nani, na hereni za masikio zinang'oka kwenye vichaka, tufanyeje?

---

Malisho_Nachingwea

Daftari mbili. Moja kwa katibu, moja nakala kwa afisa mifugo wa kata, zilinganishwe kila mwezi wakati wa kikao. Safu ni saba: namba ya kitoto, tarehe, mama, baba, jinsi, pacha au mmoja, hatima (yupo, ameuzwa, amekufa na kwa nini). Iandikwe siku aliyozaliwa akiwa bado ananyonya, maana kitoto kikishachanganyika na wenzake mama haonekani tena.

Hereni toboa katikati ya sikio, kati ya mishipa miwili mikubwa, karibu na kichwa zaidi kuliko ncha, usifanye msimu wa nzi wengi, na paka iodini. Kwa sababu ya vichaka ongeza alama ya pili: pengo dogo la kukata ukingoni mwa sikio, kushoto kwa A na B (juu A, chini B), kulia kwa C na D. Hereni ikipotea, baba bado anasomeka.

Na jike akionekana amepandwa na madume wawili joto lile lile, safu ya baba iachwe wazi. Msibahatishe. Vitabu vya Thoroughbred vya tangu 1791 vina majike wengi wa mwanzo wasio na jina, wameandikwa tu "jike wa fulani", na hilo halikuharibu kitu. Kilichosumbua ni mama walioandikwa kimakosa, ambao vipimo vya vinasaba vilikuja kuwafichua miaka 200 baadaye. Kitoto cha baba asiyejulikana akiwa jike mpelekeni fungu ambalo madume wote wawili hawajafika. Akiwa dume, budizo mwezi wa 3.